Nyoka mwenye pete: kabla ya kuuliza jina lake, osha jicho la mtoto

Jumamosi mbili zilizopita, saa 2:20 usiku, niliingiziwa ujumbe kwenye simu na mama mmoja anayeishi wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu na huwa ananiuliza mambo ya chanjo na lishe. Safari hii alituma picha. Nyoka mdogo amewekwa juu ya mfuniko wa ndoo, kichwa kimepondwa, mwili umejikunja. Rangi yake ilikuwa ya chungwa iliyofifia, karibu na pinki, na shingoni alikuwa na pete nyeusi. Chini ya picha aliandika: “Mdogo wangu, huyu ana sumu? Baba yake kamuua sasa hivi nyuma ya jiko. Junia alikuwa anamchokoa na fimbo.”

Nilifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Nikaingia kwenye intaneti, nikaandika “nyoka wa rangi ya chungwa mwenye pete nyeusi Tanzania,” nikaanza kulinganisha picha. Haikuchukua dakika tano. Nikampata nyoka wa rangi ileile, mwenye mabaka meusi, anayepatikana Tanzania na Kenya, ambaye meno yake ya sumu yako nyuma kabisa mdomoni na sumu yenyewe haimdhuru mtu. Moyo ukatulia. Nikaanza kuandika: “Dada, usiwe na wasiwasi, huyu hana sumu ya kumdhuru mtu. Mwogeshe mtoto, alale.”

Sikuutuma. Si kwamba nilikuwa na busara, ni kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya, sijui nyoka, na kazi hii imenifundisha kuogopa jambo lolote ninalolielewa kwa dakika tano. Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye chuo, yeye alichukua zoolojia. Nilimtumia picha, nikamwambia nimeshampata nyoka wangu. Hakuniuliza nimempataje. Aliuliza swali moja tu: “Macho ya mtoto yakoje?”

Nikampigia mama. Mtoto nilimsikia kabla ya kumsikia yeye. “Jicho moja linamuuma, analia tangu saa moja,” aliniambia. “Tumedhani ni mchanga, si alikuwa anachokoa chini?”

Mwenzangu akasema: waambie waache kila kitu, wamwagie jicho maji safi, mengi, dakika 15 hadi 20, kichwa kimeinamishwa upande wa jicho linalouma ili maji yasiingie kwenye jicho zima. Wasiweke maziwa, wasiweke dawa ya majani, mtoto asilifikiche. Wakishamaliza, waende kituo cha afya.

Nitarudi kwa Junia (si jina lake). Kwanza nataka kueleza kwa nini mtu aliyesomea nyoka, akiwa na picha mbele yake, hakutaka kumtaja nyoka jina.

Kesho yake nilimuuliza. Akanisimulia habari ya Joe Slowinski.

Huyu alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa nyoka katika taasisi ya sayansi ya California Academy of Sciences, jijini San Francisco. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 2000, yeye na mwenzake Wolfgang Wüster walitangaza aina mpya ya swila anayetema mate kutoka Myanmar, nchi iliyokuwa ikiitwa Burma. Mwaka uliofuata akarudi Myanmar, safari hii kaskazini kabisa, milimani, akiongoza msafara wa wanasayansi.

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, siku ileile ambayo dunia nzima ilikuwa inatazama moshi wa New York, msaidizi mmoja alimletea mfuko wenye nyoka mdogo, mwembamba kama penseli, mwenye pete nyeusi na nyeupe. Msaidizi alidhani ni nyoka asiye na madhara. Katika misitu ile wapo nyoka wa namna hiyo, hawana sumu ya kuua, na pete zao zinafanana na za nyoka mwingine ambaye sumu yake ni kali mno. Huyo wa pili anaitwa kraiti. Kwa Kiswahili hana jina kwa sababu kwetu hayupo. Ni nyoka wa Asia, wa ukoo mmoja na swila na koboko.

Slowinski aliingiza mkono mfukoni. Alipoutoa, nyoka alikuwa ameng'ang'ania kidole. Alimtazama, akajua ni kraiti.

Sumu ya kraiti haileti vurugu pale ilipoingia. Mara nyingi hakuna uvimbe, hakuna damu, maumivu ni madogo kiasi kwamba mtu anaweza kusema “kanikwaruza tu.” Kinachoshambuliwa ni mahali ambapo neva hukutana na misuli. Kope hulegea kwanza. Kisha kumeza kunakuwa shida, sauti inakwenda, mikono na miguu inakataa, na mwisho misuli ya kupumua inasimama, huku mtu bado anasikia na kuelewa kila kinachosemwa. Slowinski alilijua hilo. Aliwaeleza wenzake kitakachofuata na kwamba itabidi wampumulie. Walimpumulia mdomo kwa mdomo kwa zamu, saa baada ya saa, mchana na usiku. Mahali palikuwa mbali na hospitali, na hali ya hewa ilizuia helikopta. Alifariki kesho yake, tarehe 12, akiwa na umri wa miaka 38.

Wakati ule nyoka aliyemuua alihesabiwa kuwa kraiti wa pete nyingi, yule anayejulikana China, Taiwan na nchi za jirani, ambaye wanasayansi humwita Bungarus multicinctus. Jina lenyewe la Kilatini maana yake ni hiyohiyo, mwenye mishipi mingi. Habari ingeishia hapo. Lakini kati ya 2016 na 2019, watafiti wa China walikusanya kraiti katika wilaya ya Yingjiang, jimbo la Yunnan, upande wa pili wa mpaka na Myanmar, wakagundua hawalingani vizuri na wa pete nyingi. Mwaka 2021 walitangaza kwamba hii ni aina nyingine kabisa, na kwamba nyoka aliyemuuma Slowinski alikuwa wa aina hiyo. Ilichukua miaka 20 kujua kilichomuua mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatambua nyoka.

Walimpa jina Bungarus suzhenae, kutokana na Bai Suzhen, nyoka mweupe wa hadithi ya kale ya Wachina aliyegeuka mwanamke, akaolewa, na pamoja na mumewe akafungua duka la dawa. Mimi jina hilo nimelipenda. Unampa nyoka muuaji jina la mganga.

Sasa, waliwatenganishaje? Hapa ndipo ningependa mzazi anayesoma hii kwenye simu atulie kidogo, kwa sababu ndipo utaona kwa nini picha moja ya usiku haitoshi.

Pete walizihesabu, ndiyo. Mgongoni zipo ngapi, mkiani ngapi, zina upana gani, chini ya mkia kuna nini. Tatizo ni kwamba hesabu zinapishana: mmoja wa aina hii anaweza kuwa na pete sawa na mmoja wa aina ile, kama vile mtoto wa kaka yako anavyoweza kufanana na wewe kuliko mwanao. Kwa hiyo wakahesabu pia magamba, safu kwa safu, na ya chini ya tumbo moja moja. Wakapima magamba ya kichwani, urefu wa moja dhidi ya jingine. Wakatazama jinsi jino la sumu lilivyopinda. Wakatazama hata viungo vya uzazi vya dume, ambavyo kwa nyoka ni kama ufunguo na kitasa, kila aina na umbo lake. Mwisho wakasoma vinasaba. Hayo yote yalipoelekea upande mmoja, ndipo wakasema: hawa ni tofauti. Katika utafiti huohuo, kraiti mwingine ambaye tangu miaka ya 1920 alihesabiwa kuwa tawi tu la yule wa pete nyingi, naye akapandishwa kuwa aina kamili.

Na yule nyoka asiye na madhara anayewaiga? Huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Ukimshika kichwa na kumtazama kwa karibu, kati ya jicho na pua kuna gamba moja dogo ambalo kraiti na swila hawana. Gamba moja. Kraiti naye ana safu ya magamba makubwa ya pembe sita katikati ya mgongo. Sasa fikiria nani ataweza kuyakagua hayo akiwa na tochi ya simu, mtoto analia, na nyoka kapondwa kichwa kwa jembe.

Unaweza kuuliza, kama ni hivyo, kwa nini wanasayansi wahangaike? Pete 30 au pete 40, kraiti si ni kraiti tu?

Jibu liko kwenye chupa ya dawa. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga mnyama mkubwa, kwa kawaida farasi, sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo huvunwa na kusafishwa. Kinga hiyo inaijua sumu iliyofundishwa. Sumu ya nyoka wa karibu inaweza kuitambua vizuri, au nusunusu, au isiitambue. Ukiwa na nyoka wawili uliowaita jina moja, unaweza kuwa unatengeneza dawa ya mmoja na kumpa mgonjwa wa mwingine bila kujua. Mtafiti mmoja aliyeumwa na kraiti wa Yingjiang mwaka 2015 alisikia maumivu kwenye jeraha na ngozi ikabadilika kuwa nyeusi. Kwa kraiti wa pete nyingi kawaida ni ganzi na muwasho tu. Dalili zenyewe zilikuwa zinasema huyu si yule, miaka kadhaa kabla jina halijabadilika.

Turudi nyumbani, maana kraiti hatunaye lakini nyoka wenye pete tunao, na jamaa zao wa karibu wanatuchanganya vilevile.

Mwenzangu alisema picha ya Same ilimtia shaka kwa sababu ya mambo mawili: rangi na mahali. Maeneo makavu ya kaskazini mwa Tanzania, Kenya, Ethiopia na Somalia ni makazi ya swila mwekundu, Naja pallida. Akiwa mdogo anakuwa na rangi ya chungwa au pinki ya kupendeza kabisa, na shingoni ana pete moja pana, nyeusi. Akikua rangi hufifia, na pete nayo inaweza kufifia. Huyu ni swila anayetema. Akichokozwa huinua shingo na kurusha sumu kuelekea usoni, umbali wa mita 2 na zaidi, na hata mtoto wake aliyeanguliwa karibuni anaweza.

Yule niliyempata mimi kwenye intaneti, wa mabaka, naye yupo sehemu hizohizo. Tofauti ni kwamba mabaka yake yanashuka mgongo mzima hadi mkiani, wakati swila mwekundu ana pete shingoni tu. Ukiwa na nyoka mzima, amenyooka, mchana kweupe, huwezi kukosea. Nyoka wa kwenye picha yangu alikuwa amejikunja. Nilichokiona ni shingo na rangi, na macho yangu yakaongeza mabaka ambayo hayakuwepo.

Swila mwekundu mwenyewe ana historia ya kuchanganywa. Zamani alihesabiwa kuwa tawi tu la swila wengine wanaotema. Alipopewa nafasi yake, wakawekwa pamoja naye swila wa Misri, Sudan na nchi za jirani waliokuwa wanafanana naye. Mwaka 2003 Wüster yuleyule, pamoja na Donald Broadley wa Zimbabwe, wakaonyesha kwamba wale wa kaskazini ni aina nyingine, wakawaita Naja nubiae, swila wa Nubia. Moja ya alama ni pete za shingoni: wa kwetu ana moja, wa Nubia ana mbili au zaidi. Hapo pete zilisaidia.

Lakini nenda Kigoma. Katika Ziwa Tanganyika yuko swila wa majini, mla samaki, anayepiga mbizi kama mzamiaji. Wa ziwani ana pete chache shingoni na mwili uliobaki ni wa kahawia. Ndugu zake wa mito ya misitu ya Kongo wana pete kuanzia shingoni hadi mkiani. Ukiwaweka wawili hao juu ya meza utaapa ni nyoka tofauti. Wanasayansi wanawahesabu kuwa aina moja, Naja annulata, matawi mawili. Kwa hiyo wa Same na wa Nubia wanaofanana ni wawili, na wa Kigoma na wa Kongo wasiofanana ni mmoja. Mwenzangu anasema hilo ndilo linalompendezesha katika fani yake. Mimi lilinipa kichwa kuuma.

Kuna moja linalomhusu daktari wako moja kwa moja. Swila wa msituni, mkubwa, ambaye hata katika misitu ya pwani yetu yupo, kwa miaka mingi aliitwa jina moja kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini: Naja melanoleuca. Mwaka 2018 timu ya Wüster ilionyesha kwamba chini ya jina hilo kuna aina tano. Mmoja ni wa savana za Afrika Magharibi, ana mishipi ya njano na nyeusi sehemu ya mbele. Wa kwetu Afrika Mashariki ni wa kahawia, na sasa anaitwa Naja subfulva. Chupa ya dawa mseto inayotengenezwa Afrika Kusini, yenye orodha ya nyoka inayowakabili, ina jina la melanoleuca. Swila wa Msumbiji naye yumo. Swila mwekundu wa Same hayumo. Haina maana kwamba dawa haitafanya kazi, maana sumu za ndugu hufanana na madaktari hutegemea undugu huo. Ila ndiyo maana wanaotengeneza dawa hawawezi kuridhika na “nyoka mwenye pete.”

Hiyo ni kazi yao. Kazi ya mzazi ni nyingine.

Nilizungumza na tabibu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wilaya. Nilimuuliza jambo ambalo wasomaji huniuliza kila mara: je, tumpeleke na nyoka? Alicheka. “Nyoka wakija hapa, mara nyingi wanakuja wamepondapondwa, na sisi wenyewe hatuwajui,” alisema. “Mimi simtibu nyoka. Naangalia mtoto.” Wanaangalia vitu vitatu vikubwa. Je, kope zinalegea, sauti inabadilika, anashindwa kumeza? Hiyo ni sumu ya neva. Je, mahali palipoumwa panavimba haraka, panatoa malengelenge, ngozi inakuwa nyeusi? Hiyo ni sumu inayoua nyama, ya swila wanaotema na ya kifutu. Je, damu inaganda? Hapo huhitaji mashine. Damu kidogo huwekwa kwenye kichupa kisafi cha kioo, kinaachwa kimya dakika 20, kisha kinainamishwa. Ikiwa bado inatiririka kama maji, kuna tatizo. Kwa dalili hizo daktari anaweza kuamua bila kujua nyoka alikuwa na pete ngapi.

Kama umempiga picha kutoka mbali, ukiwa salama, peleka picha, inaweza kusaidia. Kumtafuta gizani ili umpate, hapana. Tabibu yule amewahi kupokea baba na mtoto pamoja, mtoto kaumwa na nyoka, baba kaumwa na nyokayohuyo akimsaka kwenye kuni. Na nyoka aliyekufa asishikwe kwa mkono. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado.

Mtoto akiumwa, mlaze, mtulize, mguu au mkono ulioumwa usichezechezwe, ufunge kwenye ubao kama uliovunjika. Vua bangili, saa, shanga, viatu, kabla havijabana. Usimfunge kamba kwa kukaza. Tabibu anasema ameona vidole vilivyopotea kwa sababu ya kamba, wakati nyoka mwenyewe hakuwa na sumu. Usichanje, usinyonye. Lile jiwe jeusi la nyoka najua liko katika nyumba nyingi, na najua kuna bibi ambaye utagombana naye ukilikataa. Huna haja ya kugombana. Mwambie bibi aje nalo kwenye bodaboda, lakini bodaboda iondoke sasa. Njiani mtoto akitapika au kope zikilegea, alale ubavu wa kushoto. Akifika, mwambie mhudumu saa aliyoumwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni wa vijijini, na watoto wako hatarini zaidi kwa sababu kiasi kilekile cha sumu kinaingia kwenye mwili mdogo.

Jambo moja la mwisho kutoka kwa kraiti, kwa sababu linatufaa. Kraiti huuma usiku, watu wakiwa wamelala chini, na huko Nepal watafiti waliona kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa kidogo zaidi. Kwetu nako wapo swila wanaoingia ndani usiku kufuata panya na kuuma aliyelala kwenye mkeka. Chandarua tulichopewa kwa ajili ya malaria, ukikichomeka vizuri chini ya godoro, kinafanya kazi mbili.

Sasa Junia. Walimwagia maji usiku ule, mama akishika kichwa, baba akimimina kwa jagi, dakika 20 kwa saa ya simu. Mama alisema hajawahi kuona mtoto akipigana namna ile. Walimwagia tena saa 4 usiku. Alfajiri baba akampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, na huko wakaelekezwa hospitali. Jicho likawekwa rangi maalumu inayoonyesha michubuko, ikaonekana kioo cha jicho kimechubuka sehemu ndogo pembeni. Alipewa dawa ya matone ya kuzuia maambukizi na jicho likafunikwa. Hakuhitaji dawa ya sumu ya nyoka, maana sumu iliyoingia jichoni peke yake kwa kawaida haihitaji. Inachohitaji ni maji, mapema. Sumu ileile ikiachwa mpaka asubuhi inaweza kuacha kovu la kudumu.

Juzi mama alinitumia picha nyingine, safari hii ya mtoto. Macho mawili, yote yanatazama kamera. Chini aliandika: “Mdogo wangu, hujanijibu. Yule nyoka anaitwaje?”

Nikamwambia mwenzangu anaamini alikuwa swila mwekundu, mdogo, lakini bila kuhesabu magamba hawezi kuapa. Nikamuuliza wamemfanyaje. Akasema baba yake alimsukuma kwa jembe hadi kwenye shimo la taka, wakafukia, na Junia ameshaambiwa fimbo ni ya kuchungia mbuzi.